Programu Hii Inamtumikia Nani? Kufundisha Mfumo Endeshi Karagwe na Kyerwa

Mwanafunzi wa kidato cha nne au cha sita anayesoma kompyuta hashindwi kutaja kazi za mfumo endeshi. Atazitaja kwa mpangilio uleule wa daftari: kusimamia kumbukumbu, kusimamia mafaili, kusimamia vifaa, kuipangia prosesa kazi, na kumpa mtumiaji njia ya kuiamuru mashine. Mgeuzie swali uone. Je, kitochi cha bibi yake kina mfumo endeshi? Menyu inayofunguka akibonyeza *150*00# ili atume pesa, ni programu iliyomo ndani ya simu au iko kwingine? Na kirusi kikishaficha mafaili ya flashi yake pale steshenari, kwa nini kompyuta ya pili inayaona mafaili hayohayo bila taabu? Daftari halimsaidii, ingawa maswali yote matatu yamo ndani ya mada aliyokwisha kufanyia jaribio na kupata alama nzuri.

Tuitazame mada hiyo tukiwa Karagwe na Kyerwa, kaskazini-magharibi mwa mkoa wa Kagera. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini maisha ya wilaya hizi mbili bado ni ya namna moja: kahawa ya robusta, migomba, mpaka wa Rwanda upande wa magharibi na wa Uganda upande wa kaskazini. Ukikuta shule yenye chumba cha kompyuta, aghalabu mashine zake ni za kila rika. Moja imetoka kwa wafadhili, nyingine serikalini, nyingine imenunuliwa kwa michango. Vitabu ni vya Kiingereza, maelezo ya kueleweshana ni ya Kiswahili, na nje ya darasa utasikia Kinyambo.

Mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, inasisitiza umahiri: mwanafunzi apimwe kwa kile anachoweza kukifanya. Mada ya mifumo endeshi na makundi ya programu inaupinga msisitizo huo kwa namna yake, maana ni rahisi mno kuifanya orodha. Hoja ya makala haya ni kwamba makundi ya programu ni majibu ya maswali, na mwalimu akifundisha maswali yenyewe, orodha itajengwa na wanafunzi. Tena kwa kazi hiyo, mashine kuukuu zisizofanana zinatosha.

Kwanza kazi, kisha jina

Vitabu vingi huanza na tafsiri ya istilahi, kisha aina, kisha mifano. Kwa mada hii mpangilio huo humchosha mwanafunzi kabla hajaona tatizo ambalo mfumo endeshi ulizaliwa kulitatua. Tatizo ni la ugavi: prosesa ni moja au chache, kumbukumbu ina kikomo, diski ni moja, printa ni moja, na programu zinazovitaka vyote hivyo kwa wakati mmoja ni nyingi.

Hapa mwalimu wa Karagwe ana mfano ulio jirani. Msimu wa kahawa, wakulima hufika kwenye chama cha msingi cha ushirika na magunia ya kahawa ya maganda. Mizani ni moja, ghala ni moja. Karani ndiye anayeamua nani apime sasa, gunia likae upande gani wa ghala, na uzito uandikwe kwenye mstari upi wa kitabu. Mkulima hajipimii mwenyewe, wala haingii ghalani kusogeza gunia la mwenzake. Ndani ya kompyuta, mizani ni prosesa, ghala ni kumbukumbu na diski, wakulima ni programu zinazotaka kuhudumiwa, na karani ni mfumo endeshi. Programu ya kuandika barua haiendi yenyewe kwenye diski kuandika. Inaomba, na mfumo endeshi ndio unaoandika.

Mfano huu unatufikisha mahali fulani kisha unavunjika, na pale unapovunjikia ndipo penye somo. Karani humwacha mkulima amalize magunia yake yote ndipo amwite mwingine. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilikuwa na utaratibu unaokaribiana na huo: programu ilipewa prosesa na ikatarajiwa kuiachia kwa hiari yake. Ikikwama, mashine nzima ilikwama nayo. Kwa programu zilizoandikwa mahususi kwa ajili yake, Windows 95 ilileta utaratibu mwingine ambao mifumo ya ukoo wa Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara za Bell kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, ilikuwa nao tangu zamani: mfumo endeshi huinyang'anya programu prosesa kila baada ya milisekunde chache, ukaipa nyingine, kisha ukairudisha kwa ile ya kwanza bila kupoteza ilipofikia. Kwa hiyo muziki unaendelea huku mwanafunzi anaandika na faili linanakiliwa, hata kama prosesa yenyewe inaweza kufanya jambo moja tu kwa wakati mmoja. Darasa likiulizwa, "Karani wetu angefanya kazi hivyo, wakulima wangesemaje?", wanafunzi wataona mara moja kwa nini kazi hiyo inahitaji kumbukumbu nzuri na kasi ambayo binadamu hana.

Baada ya hapo mashine ioneshe yenyewe. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na Task Manager itafunguka. Kwenye Linux, andika top kwenye dirisha la amri. Wanafunzi wataona makumi ya kazi zinazoendelea ambazo hawakuzianzisha, na kila moja imeandikiwa kiasi cha kumbukumbu na cha prosesa inachotumia. Kompyuta kuukuu yenye ramu ya GB 2 ni mwalimu mzuri hapa kuliko mpya. Fungua kurasa nyingi za kivinjari mpaka kumbukumbu ijae, kisha sikilizeni diski inavyoanza kuhangaika. Ramu ikiisha, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya yaliyomo kwenye diski ili kupata nafasi, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno ikilinganishwa na ramu. Mwanafunzi aliyeona mashine ikilemewa hivyo hahitaji tena kukariri maana ya kusimamia kumbukumbu.

Saa, umeme na flashi

Kuna mambo matatu ambayo wanafunzi wa wilaya hizi wanayajua kwa uzoefu, na kila moja hufungua kazi mojawapo ya mfumo endeshi.

La kwanza ni saa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukiwa karibu na mto Kagera, simu iliyoachiwa ichukue saa kutoka mtandaoni ikinasa mnara wa ng'ambo inaweza kurudi nyuma saa nzima, na kengele ya kuamka italia kwa kuchelewa. Kwa nini kengele, kalenda na ujumbe vyote vikosee kwa pamoja? Kwa sababu hakuna programu kati ya hizo inayotunza saa yake. Zote huuliza mfumo endeshi. Kwenye kompyuta kuukuu jambo hilohilo huonekana betri ndogo ya bodi mama inapokufa: kila mashine inapozimwa na kuwashwa, tarehe inarudi miaka mingi nyuma, kisha kivinjari kinakataa kufungua tovuti salama. Sababu ni kwamba cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa saa ya mashine ile, cheti hicho bado hakijaanza kutumika. Mwanafunzi anayedhani intaneti imeharibika anajifunza kwamba programu zote hukaa juu ya huduma za pamoja, na huduma moja ikipotoka, zilizo juu yake hupotoka pia bila kosa lao.

La pili ni umeme. Kwa miaka mingi Kagera imekuwa ikipata umeme kutoka Uganda, na kituo cha Kikagati–Murongo cha megawati 14 kilichojengwa kwenye mto Kagera ni cha nchi zote mbili. Kukatika kwa umeme katikati ya kipindi si habari mpya kwa mwalimu yeyote. Badala ya kipindi kuishia hapo, tukio hilo liwe sehemu ya somo. Aya tatu alizoandika mwanafunzi bila kuhifadhi zilikuwa kwenye ramu, na ramu hushika vitu kwa nguvu ya umeme tu. Alichokihifadhi kipo kwenye diski. Lakini kuna hali ya katikati ambayo vitabu huiruka. Mtu akibonyeza kuhifadhi, mfumo endeshi unaweza kuahirisha kidogo kuandika ili ukusanye kazi kadhaa na kuziandika kwa mkupuo. Umeme ukikatika dakika hiyohiyo, faili linaweza kubaki nusu. Ndiyo sababu mifumo ya kisasa ya kupanga mafaili, kama NTFS iliyokuja na Windows NT mwaka 1993 na ext3 iliyoingia Linux mwaka 2001, huandika kwanza kwenye daftari dogo la ndani kile inachotaka kufanya, kisha ndipo ikifanye. Umeme ukirudi, mashine husoma daftari hilo na kunyoosha yaliyopinda.

Flashi nyingi hazina daftari hilo. Zimepangwa kwa FAT32, utaratibu wa mwaka 1996 ambao takriban kila kifaa kinauelewa, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kuichomoa flashi kabla ya kuiaga mashine ni hatari kwa sababu hiyo. Utaratibu huohuo unaeleza fumbo jingine ambalo vijana wanalijua vizuri: filamu yenye ukubwa unaozidi GB 4 hukataa kuingia kwenye flashi tupu ya GB 16, kwa kuwa FAT32 haina namna ya kuandika faili moja kubwa kiasi hicho.

La tatu ni kirusi cha flashi. Mwanafunzi anapeleka kazi yake kuchapwa kwenye steshenari ya Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, na akirudi shuleni anakuta folda zake zimegeuka njia za mkato zisizofungua kitu. Wengi hufomati flashi na kupoteza kila kitu. Mara nyingi mafaili hayajafutwa. Kirusi kimeyawekea alama ya kufichwa, alama ambayo Windows huiheshimu, kisha kikaweka badala yake njia za mkato zinazokianzisha upya kila zikibonyezwa. Iingize flashi hiyo kwenye kompyuta ya Linux, na mafaili yote yataonekana, kwa sababu Linux ina desturi yake ya kuficha: huficha majina yanayoanza na nukta. Njia za mkato za Windows nazo hazina kazi huko, na programu ya kirusi iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haianzi. Kisa kimoja hiki kinabeba mambo manne ya mtaala: sifa za faili, tofauti ya mifumo endeshi, sababu ya programu kuandikwa kwa ajili ya mfumo fulani, na programu za kulinda mashine. Mwalimu asitumie kirusi hai darasani. Awape wanafunzi flashi ambayo yeye mwenyewe ameficha mafaili yake, kisha wayatafute kwa mashine mbili tofauti.

Maswali manne ya kupanga programu

Baada ya kazi kuonekana, sasa majina yana pa kushika. Programu za mfumo, programu tumizi, za matumizi ya jumla, za kazi maalumu: kila kundi linatokana na swali, na maswali yako manne.

Swali la kwanza: programu hii inamtumikia nani? Ikiwa inaitumikia mashine na programu nyingine, ni ya mfumo. Ikiwa inatumikia kazi ya mtu moja kwa moja, ni tumizi. Draiva ya printa haina faida kwa binadamu asiye na printa; kazi yake ni kuutafsiria mfumo endeshi lugha ya kifaa. Kikusanyi kinachogeuza programu iliyoandikwa na mwanafunzi iwe amri za prosesa kinaingia upande huohuo. Programu ya kuandika, ya kukokotoa kwa majedwali, ya kuhariri picha na ya kusikiliza muziki ziko upande wa pili.

Mwalimu asizikimbie kesi ngumu, kwa maana hizo ndizo zinazofundisha. Kivinjari kiko upande gani? Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft, na kiini kimoja cha kesi kilikuwa hicho: kampuni ilisema Internet Explorer ni sehemu ya Windows isiyotengeka, serikali ikasema ni bidhaa nyingine iliyofungashwa pamoja ili kuwaua washindani. Mabishano hayo yalipita mahakama ya chini mwaka 2000 na ya rufaa mwaka 2001. Mawakili na wataalamu walibishana kwa miaka juu ya mpaka ambao vitabu vya kidato cha kwanza huuchora kwa mstari mmoja ulionyooka. Darasa likigawanywa pande mbili, kila upande ujenge hoja yake, watagundua kwamba kundi la programu linategemea pia nani analipanga na kwa faida gani.

Swali la pili: imetengenezwa kwa ajili ya watu wote au kwa kazi moja? Hapa wilaya hizi zina utajiri wa mifano. Programu ya majedwali ni ya jumla: mwalimu huitumia kupanga matokeo, mfanyabiashara huitumia kuhesabu mapato. Lakini MUVU, mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika, hauna kazi nje ya ushirika. GoTHoMIS ni ya vituo vya afya na hospitali. FFARS ni ya hesabu za fedha za vituo vya kutolea huduma, shule zikiwemo, kwa hiyo huenda mhasibu wa shule yenyewe anaifungua mita chache kutoka darasani. Mwanafunzi wa Kyerwa akiandika kwenye mtihani mfano wa programu ya hospitali ya ng'ambo aliyoisoma kitabuni, wakati mama yake alisajiliwa kwa mfumo kama huo kwenye kituo cha afya wiki iliyopita, darasa limeshindwa kumwonesha kilicho karibu.

Swali la tatu: inakaa wapi? Vitabu vya zamani havikulihitaji, kwa kuwa programu ilikaa kwenye diski ya mashine iliyo mbele yako. Siku hizi swali hili haliepukiki. Ukibonyeza *150*00#, simu inatuma ombi, na menyu inatoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Simu inaonesha maandishi na kurudisha jibu lako. Ndiyo sababu M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, iliweza kufika kwenye kitochi kisicho na nafasi ya kuwekewa programu mpya. Mtu mwenye simu ya Android akipakua programu ya huduma hiyohiyo, sasa ana programu tumizi ndani ya simu inayozungumza na mitambo ileile. Huduma ni moja, makazi ya programu ni tofauti. Vivyo hivyo kwa anayeomba mkopo wa elimu ya juu kwa HESLB au kutafuta kazi kupitia Ajira Portal: kivinjari kiko kwenye kompyuta ya steshenari, programu yenyewe iko kwenye seva mbali sana na Karagwe.

Na kitochi cha bibi? Kina mfumo endeshi wake, mdogo, uliofungiwa humo kiwandani, unaosimamia skrini, batani, redio ya mtandao na orodha ya majina. Hauruhusu mgeni kuongeza programu, lakini kazi ya ukarani inafanyika. Ngazi ya kati ni vitochi vya kisasa vyenye KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS, ambavyo viliwahi kubeba WhatsApp huku bado vina batani. Kwa kuwa shule nyingi huwakataza wanafunzi kuwa na simu, mwalimu aje na zake au aazime ofisini. Simu tatu za namna tatu juu ya meza moja zinatosha kwa kipindi kizima.

Swali la nne: nani anaruhusiwa kuibadili na kuigawa? Hili ni swali la leseni, na wanafunzi wakubwa wana umri wa kulijadili kwa uzito. Mafundi wengi mitaani huweka Windows na Word zilizovunjwa kufuli, na mteja hajui kwamba programu ya kompyuta inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kama kitabu au wimbo. Upande mwingine kuna WhatsApp, ambayo haiuzwi lakini hakuna anayeruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Upande wa tatu kuna programu huria, ambazo leseni yake inampa yeyote ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. Linus Torvalds alipotangaza Linux akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, kisha akaiweka chini ya leseni ya GPL, alifungua njia iliyoishia mifukoni mwetu: ndani ya kila simu ya Android kuna kiini cha Linux.

Faida ya ruhusa hiyo imeshuhudiwa hapa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo hawakuhitaji kumbembeleza mwenye mali, kwa sababu leseni ilikwisha kuwaruhusu. Microsoft nayo ilikuja kutoa menyu za Kiswahili kwa bidhaa zake, lakini uamuzi wa lini na kwa toleo lipi ulikuwa wa kampuni. Hapo mwanafunzi anaona leseni ikiwa na matokeo, zaidi ya kipengele cha kujaza kwenye jedwali.

Mashine zipi, mfumo upi

Swali la leseni linaleta uamuzi ambao shule haziwezi kuukwepa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa masasisho ya usalama ya Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai ramu ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Mashine nyingi za msaada zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi sharti la prosesa au la kifaa hicho. Hazijaharibika. Zimefungiwa mlango tu.

Njia mojawapo ni kuziwekea Linux nyepesi. Shule za Tanzania zilikwisha kuionja njia hii: mradi wa Linux4Afrika wa Freiburg, Ujerumani, ulileta Tanzania na Msumbiji kompyuta zilizotumika zikiwa na Ubuntu, zikiwa zimepangwa ili seva moja ifanye kazi kwa niaba ya mashine kadhaa dhaifu. Ubuntu yenyewe ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Leo mwalimu anaweza kuanza kwa tahadhari zaidi, akaiweka Linux kwenye flashi na kuiwasha kutoka humo bila kugusa diski. Kipindi hicho peke yake kinafundisha jambo kubwa: mashine ileile, kwa dakika chache, imekuwa chini ya karani mwingine. Mwalimu ahakikishe kwanza aina ya prosesa, kwa kuwa Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, haina tena njia ya kawaida ya kusakinishwa kwenye prosesa za biti 32.

Wazazi na hata baadhi ya walimu watauliza: steshenari, halmashauri na benki hutumia Windows, kwa nini mtoto afundishwe kitu kingine? Swali hilo ni la haki. Waraka wa Word wenye majedwali mengi unaweza kuvurugika ukifunguliwa kwa LibreOffice. Baadhi ya printa hazina draiva nzuri ya Linux. Mwalimu naye anahitaji muda wa kujifunza. Kwa hiyo shule isiihame Windows kabisa. Ibaki na mashine kadhaa zenye Windows iliyo halali, zile zinazokubali toleo jipya, na zilizobaki zipewe Linux. Kwa mada hii mchanganyiko huo una faida kuliko chumba chenye mashine ishirini zinazofanana. Mwanafunzi aliyezoea mfumo mmoja tu hudhani kwamba batani ya pembeni kushoto ndiyo kompyuta. Anayepewa kazi ileile, tuseme kutengeneza folda, kunakili faili, kulibadili jina na kulichapa, kwenye mifumo miwili, analazimika kutenganisha kazi na mahali menyu ilipo. Hata ndani ya Windows peke yake menyu zimehamahama tangu XP ya mwaka 2001 hadi 11, na waliokariri mahali pa kubonyeza walianza upya kila mara.

Kupima kilichoeleweka

Jaribio linalouliza "taja kazi tano za mfumo endeshi" litaendelea kuleta wanafunzi wenye orodha. Mwalimu hana haja ya kusubiri mtihani wa taifa ubadilike. Maswali yake ya darasani yanaweza kuanza na tukio na kumwachia mwanafunzi kazi ya kulipa jina. Kwa mfano: kompyuta ya ofisi ya mkuu wa shule inaonesha mwaka 2009 kila asubuhi na haifungui tovuti ya Baraza la Mitihani, eleza chanzo, na utaje kazi ya mfumo endeshi inayohusika. Au: chama cha ushirika kinataka programu ya kuandikisha wakulima na uzito wa kahawa yao, na kina kompyuta mbili zenye ramu ya GB 2, umeme wa kukatika na fedha kidogo, pendekeza mfumo endeshi, taja kama programu itakuwa ya jumla au ya kazi maalumu, sema ikae wapi na kwa leseni gani, kisha utetee kila uamuzi.

Swali hilo la pili halina jibu moja. Atakayesema itumike programu ya majedwali iliyo tayari kwa sababu fedha ni kidogo anaweza kupata alama zote. Atakayetaka mfumo wa mtandaoni anaweza kuzipata pia, mradi aeleze karani ataandika wapi siku ambayo mtandao haupo. Atakayepoteza alama ni yule aliyeorodhesha aina zote za programu bila kuchagua hata moja. Mwalimu anayesahihisha kwa namna hiyo ataona kwa karatasi chache tu ni wangapi wameelewa, na mada ambayo kwa kawaida humalizwa kwa wiki moja ya kunakili itakuwa imempa ushirika wa jirani mapendekezo ya kuanzia.